Mkaazi wa Mombasa na Serikali ya Kaunti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka vikao vya wadi, barazani na vibandani, mahali ambapo watu huuliza jambo lile lile mwaka baada ya mwaka. Majibu yanahusu Mombasa hasa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya sheria zinazotajwa, yaani Katiba ya 2010, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, inatumika katika kaunti zote 47 za Kenya. Mahali ambapo jibu limekwisha kutolewa, msomaji ataelekezwa kwa nambari ya swali.

## Nani ni nani

1. Meya alikwenda wapi? Je, Mombasa bado ni jiji?

Mombasa bado ni jiji, lakini cheo cha meya hakipo tena. Hadi uchaguzi wa Machi 2013, wananchi walichagua madiwani, nao madiwani wakamchagua meya miongoni mwao, huku waziri wa serikali za mitaa aliye Nairobi akiwa na sauti kubwa juu ya baraza zima. Mfumo huo uliondolewa na ugatuzi. Sasa tunapiga kura moja kwa moja kumchagua gavana na naibu wake, na kura nyingine kumchagua mwakilishi wa kila wadi.

Gavana wa kwanza alikuwa Hassan Joho, aliyehudumu vipindi viwili kuanzia 2013 hadi 2022, akafuatwa na Abdulswamad Shariff Nassir. Mombasa, kama Nairobi, ni kaunti na jiji kwa wakati mmoja, kwa hivyo hatuna bodi ya jiji iliyo kando ya serikali ya kaunti. Hali ni tofauti katika majiji mengine. Tazama swali la 15.

2. Gavana, mbunge, mwakilishi wadi, chifu: ni nani wa kuulizwa kuhusu nini?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na kulikosea huwagharimu watu miezi mingi ya kuzungushwa. Nyongeza ya Nne ya Katiba inagawa kazi. Kaunti inahusika na zahanati na hospitali za kaunti, uzoaji wa taka, masoko, maegesho, taa za barabarani, barabara za kaunti, mitaro ya maji ya mvua, shule za chekechea, vyuo vya kiufundi vya vijijini, zimamoto, mipango ya ujenzi na leseni za vileo. Serikali ya kitaifa inashika polisi, shule za msingi na za sekondari, vitambulisho, bandari na barabara kuu.

Chifu na naibu wake hawako chini ya gavana. Wao, pamoja na kamishna wa kaunti, ni maafisa wa serikali ya kitaifa, na ndiyo maana malalamishi ya taka yanayopelekwa kwenye baraza la chifu huishia pale pale. Feri za Likoni nazo ni za kitaifa, ingawa zinapokwama lawama zote humwangukia gavana.

Maji ni mfano mgumu zaidi. Mombasa haina chanzo chake kikubwa cha maji. Tunategemea Mzima katika Taita Taveta, Baricho katika Kilifi, na Marere na Tiwi katika Kwale. Kuyaleta maji hadi mjini ni kazi ya wakala wa serikali ya kitaifa, na kuyagawa majumbani ni kazi ya kampuni ya maji ya kaunti. Mfereji ukikauka, swali la kwanza la kuuliza ni kama mtaa mzima umekauka au ni bomba la nyumba zenu tu, kwa sababu jibu lake ndilo linaloonyesha mlango wa kubisha.

3. Mwakilishi wadi wetu hajajenga hata kilomita moja ya barabara. Je, si kazi yake?

Kisheria, la. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinamtaka awe karibu na wapiga kura, awasilishe maoni yao katika bunge la kaunti na kuwaeleza yanayoendelea, na kinamkataza kujihusisha na kazi za utendaji. Mwakilishi hutunga sheria za kaunti, huidhinisha bajeti na huisimamia serikali ya gavana. Mombasa ina wadi 30 katika maeneo bunge sita ya Mvita, Likoni, Changamwe, Jomvu, Kisauni na Nyali, na bunge la kaunti lina pia wawakilishi walioteuliwa na vyama kulingana na viti vilivyoshindwa.

Kwa hivyo, la kumuuliza mwakilishi ni kama aliipigania barabara yenu ipate fungu katika bajeti, na fedha zilipotengwa zisitumike, kama alimwita waziri wa kaunti mbele ya kamati kujieleza. Mwakilishi anayegawa unga na kulipa matanga huku hajawahi kuuliza swali moja bungeni ameiacha kazi tuliyomwajiri. Nasema hivi nikijua kwamba sisi wenyewe ndio tunaompigia simu ya matanga usiku wa manane.

4. Msimamizi wa wadi ni nani, na tofauti yake na mwakilishi wadi ni ipi?

Msimamizi wa wadi ni mtumishi wa umma aliyeajiriwa, si mwanasiasa aliyechaguliwa. Juu yake kuna msimamizi wa kaunti ndogo. Msimamizi wa wadi ndiye anayeratibu huduma katika wadi, na kwa kawaida ndiye anayeitisha vikao vya maoni. Kwa jambo la kila siku, kama taka zisizozolewa au taa iliyozimika, anza kwake kabla ya kwenda kwa mwakilishi.

## Kutoa maoni

5. "Ushiriki wa umma" una nguvu gani? Si huwa wameshaamua?

Una nguvu ya Katiba. Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria na katika shughuli zake nyingine, na Ibara ya 201 inaweka ushiriki huo kuwa msingi wa fedha za umma. Mwaka 2014, Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, iliyokuwa imeweka ada na tozo kwa wakaazi, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mahakama ilisisitiza kwamba ushiriki si jambo la kutimiza kwa jina tu, na kwamba ni wajibu wa kaunti kutumia njia zinazowafikia watu walipo.

Hata hivyo, sheria haisemi kwamba kila neno utakalosema litafuatwa. Inasema upewe nafasi ya kweli, taarifa mapema, na maoni yako yazingatiwe. Maoni yasiyo kwenye karatasi ni rahisi kupotea: kikao kikiisha, kinachobaki ni kumbukumbu zilizoandikwa na karani, na karani mmoja hawezi kunasa sauti za watu 200 ukumbini. Atakayelalamika baadaye kwamba hakusikilizwa ataulizwa kwanza: uliandika nini, na ulikipeleka lini?

6. Mimi ni mpangaji, na kura yangu nimejiandikisha bara. Je, nina haki ya kutoa maoni Mombasa?

Ndiyo, bila shaka yoyote. Sheria ya Serikali za Kaunti inaeleza maana ya umma kwa upana: wakaazi wa kaunti, walipaji wa kodi ya majengo na ardhi katika jiji, mashirika ya kijamii, ya biashara na ya wafanyakazi yenye maslahi, na hata wasio wakaazi ambao kwa kuwapo kwao kwa muda wanatumia huduma za mahali hapo. Haihitaji uwe mpiga kura wa hapa, wala mwenye nyumba. Mchukuzi wa mkokoteni sokoni Kongowea, anayelala Mtopanga kwa kupanga, ana haki sawa na mwenye jumba la Nyali ya kusema lolote kuhusu ada ya soko.

Kuna mahali pawili ambapo kura inahesabika: saini za kumwondoa mwakilishi (swali la 14), na kura ya maoni ya kaunti ambayo sheria imeiruhusu kwa baadhi ya mambo.

7. Bajeti huamuliwa lini, ili nisifike wakati mambo yamekwisha?

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini anayesubiri Juni amechelewa. Ifikapo tarehe 1 Septemba, serikali ya kaunti huwasilisha bungeni mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata, na hapo ndipo miradi hutajwa kwa majina. Ifikapo tarehe 28 Februari huja waraka wa mikakati ya fedha, unaoweka ukomo wa matumizi wa kila idara. Ifikapo tarehe 30 Aprili makadirio yenyewe hufika bungeni, na bunge hutakiwa kuyaidhinisha kabla ya tarehe 30 Juni. Mswada wa fedha, ule wa ada na tozo, hupitishwa ndani ya siku 90 baada ya kupitishwa kwa sheria ya matumizi, ile inayoidhinisha bajeti.

Maana yake kwa mkaazi ni hii. Anayetaka zahanati mpya aseme kabla ya Septemba. Anayetaka afya ipate fungu kubwa kuliko ukarabati wa ofisi aseme kabla ya mwisho wa Februari. Mwezi wa Mei, wengi wanapoitwa ukumbini, fedha zimekwisha kugawanywa kwa idara, na kinachoweza kuhamishwa ni kidogo. Juu ya yote kuna mpango jumuishi wa miaka mitano, ambao hutayarishwa baada ya kila uchaguzi mkuu. Mradi usiotajwa humo hupata taabu kuingia katika mpango wa mwaka.

8. Nikiwa kikaoni niseme nini, na kwa namna gani?

Sema jambo moja, lenye mahali, kipimo na ombi. Katika kikao kimoja nilichohudhuria tulikaa kwenye viti vya plastiki tangu saa tatu asubuhi, na kitabu cha makadirio, kinene kama msahafu, kilikuwa nakala mbili tu kwa ukumbi mzima. Wanaume sita walisimama mmoja baada ya mwingine, wakasema vijana wanateseka na viongozi watukumbuke. Kisha akasimama mama muuza samaki mwenye karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Akasoma kwamba kutoka ngazi za msikiti hadi kona ya duka la dawa kuna nguzo saba za taa, tano haziwaki, na wanawake wanaotoka kununua samaki alfajiri wameporwa mahali hapo. Akaomba taa hizo ziingie katika fungu la matengenezo, si katika mradi mpya. Alitumia chini ya dakika mbili. Afisa wa bajeti alimwomba ile karatasi, akaibana pamoja na kumbukumbu za kikao.

Hakuna aliyemfundisha, lakini alifanya yote yanayotakiwa: alihesabu, alitaja mahali, na alijua kwamba fungu la matengenezo ni tofauti na fungu la miradi. Andika karatasi yako katika nakala mbili, toa moja, na uombe ya pili igongwe muhuri wa kupokewa. Usipoweza kufika, peleka maandishi kwa ofisi iliyotajwa kwenye tangazo kabla ya siku ya mwisho.

9. Je, ni lazima niandike kwa Kiingereza?

La. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi kwa mujibu wa Ibara ya 7 ya Katiba. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inataja wazi kwamba ombi la habari laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Afisa hawezi kukurudishia barua kwa sababu ya lugha.

Tatizo kubwa liko upande wa pili: nyaraka za bajeti hutolewa mara nyingi kwa Kiingereza peke yake, na cha kihasibu. Kifungu cha 87 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinaitaka kaunti itoe habari kwa wakati. Ninaamini kwa dhati kwamba katika mji ambao mashairi yake ya Kiswahili yamesomwa kwa karne nyingi, muhtasari wa bajeti kwa Kiswahili si fadhila. Ombeni kila kikao, na ombi hilo nalo liandikwe.

10. Kuna kongamano la bajeti ambalo wananchi hukaa ndani yake. Ni nini hilo?

Ni Kongamano la Bajeti na Uchumi la Kaunti, lililowekwa na kifungu cha 137 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma. Mwenyekiti ni gavana. Ndani yake wamo mawaziri wa kaunti na idadi sawa ya watu wasio watumishi wa umma, wanaopendekezwa na mashirika ya wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini. Kama kikundi chako kimesajiliwa na kinafanya kazi kaunti nzima, fuatilieni ni nani anayeketi pale kwa niaba yenu, na mdai awaletee taarifa.

## Kudai habari na majibu

11. Nitapataje nakala ya kandarasi au hesabu za mradi wa mtaani kwetu?

Andika ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari. Haki hii ni ya kila raia, na huhitajiki kueleza sababu ya kuitaka. Taja kitu chenyewe: jina la mradi, mwaka wa fedha, na waraka unaoutaka. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na saa 48 tu ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Kuomba hakulipiwi, unaweza kutozwa gharama ya kunakili peke yake. Asiyejua kuandika anaweza kusema kwa mdomo, na afisa analazimika kuliandika ombi lake.

Ukinyimwa, peleka jambo lako kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ofisi ya Ombudsman, ndani ya siku 30. Kuna habari ambazo huna haja hata ya kuziomba: ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na za Msimamizi wa Bajeti hutolewa kwa umma, na humo utaona kaunti ilipanga kiasi gani na ilitumia kiasi gani kwa maendeleo. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo; linganisheni na kilichotumika.

12. Ombi rasmi kwa bunge la kaunti huandikwaje?

Ombi hili, ambalo wengi huliita petisheni, ni haki ya kila mtu chini ya kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti. Laweza kuliomba bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria ya kaunti, au lichunguze jambo lililo chini ya mamlaka yake. Huelekezwa kwa karani wa bunge, au huwasilishwa na mwakilishi wadi kwa niaba yenu.

Taja nyinyi ni nani, tatizo ni lipi, mmekwisha kujaribu ofisi gani na mlijibiwa nini, kama jambo liko mahakamani, na mnaomba bunge lifanye nini. Sentensi kama "Mtaro wa mita 120 unaopita nyuma ya shule umeziba tangu mvua za masika, tulimwandikia msimamizi wa wadi mara mbili bila jibu, tunaomba kamati itembelee mahali hapo" ina uzito kuliko kurasa tatu za masikitiko. Lugha iwe ya heshima. Ombi lenye matusi hurudishwa bila kusomwa.

Je, ninaweza kuingia bungeni kusikiliza? Ndiyo. Ibara ya 196 inataka vikao vya bunge na vya kamati zake viwe wazi kwa umma na kwa vyombo vya habari, isipokuwa spika aamue kwamba kuna sababu ya kipekee ya kuwazuia. Nenda na kitambulisho, vaa kwa staha, kaa kimya.

## Mambo magumu

13. Sheria imepita na hatukuitwa popote. Tufanye nini?

Kwanza thibitisheni kwamba kweli hamkuitwa. Tafuteni tangazo magazetini, redioni, kwenye ofisi ya wadi, na mliombe bunge la kaunti ripoti ya kamati, ambayo huwa na orodha ya vikao na waliohudhuria. Ikiwa hakukuwa na kikao, au tangazo lilitoka jana kwa kikao cha leo, iombeni kamati ifungue tena nafasi ya maoni, kwa njia ya swali la 12. Mahakama Kuu ni njia ya mwisho, na mfano wa Kiambu katika swali la 5 unaonyesha kwamba inafunguka. Lakini mahakama itataka ushahidi, na nakala zenye muhuri ndizo ushahidi.

14. Je, tunaweza kumwondoa mwakilishi wadi au gavana kabla ya uchaguzi?

Mwakilishi wadi anaweza kuondolewa na wapiga kura wa wadi yake. Ombi hupelekwa kwa tume ya uchaguzi likiwa na majina na saini za angalau asilimia 30 ya waliojiandikisha katika wadi, na haliwezi kuletwa kabla ya kupita miezi 24 tangu uchaguzi, wala katika miezi 12 ya mwisho kabla ya uchaguzi unaofuata. Mahakama iliwahi kubatilisha sehemu za sheria hii mwaka 2017, na Bunge la Kenya likazirekebisha baadaye, kwa hivyo anayetaka kuifuata njia hii ampate wakili mapema.

Gavana haondolewi kwa saini za wananchi. Hoja huletwa na mwakilishi wadi akiungwa mkono na theluthi moja ya wawakilishi, hupitishwa na theluthi mbili, kisha Seneti ndiyo inayoamua. Gavana wa Nairobi, Mike Sonko, aliondolewa kwa njia hiyo Desemba 2020. Wananchi huingia kwa kuwaandikia wawakilishi wao na kutoa ushahidi.

15. Ndugu yangu anaishi Kisumu na anasema wana bodi ya jiji. Kwa nini sisi hatuna?

Kisumu, Nakuru na Eldoret ni majiji yaliyo ndani ya kaunti kubwa zaidi, kwa hivyo Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inayapa bodi na meneja. Nakuru ilipata hadhi ya jiji Desemba 2021, na Eldoret Agosti 2024. Bodi haichaguliwi kwa kura. Sheria hiyo pia inawapa wakaazi majukwaa ya kukutana na bodi. Kwetu, kazi hizo zimo mikononi mwa kaunti yenyewe.

16. Wengine hudai nauli na soda ndipo wahudhurie. Je, tunapaswa kulipwa?

Sheria haimpi mkaazi posho ya kutoa maoni. Hata hivyo, mtu anayeishi kwa kibarua cha siku akikaa ukumbini tangu asubuhi hadi adhuhuri, watoto wake hulala njaa, na huo ni ukweli ambao waandaaji wanapaswa kuupangia: vikao viwe jioni au Jumamosi, viwe karibu, na viwe vifupi. Jihadhari na karatasi ya mahudhurio inayozungushwa pamoja na bahasha. Sahihi yako hapo yaweza kutumika baadaye kuonyesha kwamba uliunga mkono, kwa hivyo soma kichwa cha karatasi kabla ya kutia sahihi.

17. Ninaishi Muscat, lakini nina kiwanja Kisauni ninacholipia kodi. Sauti yangu inafika?

Inafika, kwa sababu mlipaji wa kodi ya ardhi katika jiji ni sehemu ya umma, kama ilivyoelezwa katika swali la 6. Huwezi kukaa ukumbini, lakini maoni ya maandishi hupokewa kwa barua pepe iliyotajwa kwenye tangazo. Taja nambari ya kiwanja, ambatisha stakabadhi ya malipo ya mwisho, na utume siku kadhaa kabla ya mwisho wa muda. Mwombe mtu wa nyumbani apite ofisini kuthibitisha kwamba barua yako imechapishwa na kuwekwa ndani ya faili.